Mtoto Asiwe Kipimo

(Hotuba kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya)

Wazazi wenzangu, walimu, wauguzi na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, habari za asubuhi.

Siku moja nilikuwa namsomea mama mmoja majibu ya kipimo cha damu ya mwanawe. Nikamwambia, "Mama, mtoto ana risasi mwilini." Kabla sijamaliza sentensi ya pili, alishampandisha mtoto shati, anamgeuza mgongo, anamgeuza tumbo, anatafuta tundu. Sikucheka. Kosa lilikuwa langu. Lugha yetu imeipa jina moja ile inayotoka kwenye mtutu na ile metali laini ya kijivu inayotengenezewa betri za magari, na yule mama alifanya ambacho mzazi yeyote angefanya: alitafuta jeraha. Tangu siku ile nasema "madini ya risasi" na kumeza mate kwanza. Lakini nikiwa peke yangu huona kwamba alichokifanya kilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa jeraha lenyewe halikuwa mahali panapofikiwa na macho.

Leo nitazungumzia metali nne zinazomfikia mtoto kwa kijiko na kwa kikombe: risasi, aseniki, zebaki na kadimiamu. Wanakemia waliomo humu watataka kuninong'oneza kwamba aseniki si metali kamili. Najua. Nawaomba mnivumilie kwa saa moja, kwa kuwa tumboni mwa mtoto inaingia kwa mlango uleule. Risasi nitaipa muda mrefu zaidi kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo iliyowafikia watoto wengi zaidi. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walitoa makadirio kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, wana risasi kwenye damu kwa kiwango cha maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita (maikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu, desilita ni sehemu ya kumi ya lita).

Tuanze na chupa ya maziwa. Mtoto mchanga wa kilo 5 anayelishwa maziwa ya unga hunywa takriban mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Zidisha: mililita 750, robo tatu ya lita. Inaonekana kidogo. Sasa rudia hesabu hiyohiyo kwa mtu mzima wa kilo 70. Unapata lita kumi na nusu. Nani humu ndani amewahi kunywa lita kumi na nusu za maji kwa siku moja? Na huyu mtoto hana chakula kingine. Maji yaliyokorogewa maziwa yake ndiyo asubuhi yake, mchana wake na usiku wake, kwa miezi. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Haya maji tunayanywa sisi sote na hatujafa," mwambie kwamba hamnywi sawa.

Kisha njoo kwenye utumbo. Mtu mzima akimeza risasi, mwili wake hufyonza takriban asilimia 10, zilizobaki hutoka chooni. Mtoto mdogo hufyonza asilimia 40 hadi 50. Sababu yake inasikitisha: mwili wa mtoto unajenga mifupa na damu, una njaa ya kalsiamu na chuma, na risasi hujifanya ndugu yao. Inapita kwenye milango iliyowekwa kwa ajili ya madini yale mema. Mtoto mwenye upungufu wa chuma hufungua milango mingi zaidi, na hivyo hufyonza risasi nyingi kuliko mwenzake aliyeshiba, ingawa wamekunywa maji ya bomba moja. Mwenye tumbo tupu vilevile. Ndiyo maana sumu hii humwelemea zaidi mtoto wa maskini hata pale inapogawanywa sawa kwa wote.

Ikishaingia, huzunguka kwenye damu kwa mwezi mmoja hivi. Sehemu yake hukaa kwenye ubongo, ambao wakati huo ndio kwanza unaunganisha nyuzi zake, na nyingine hujificha mifupani, ambako hudumu miaka 20 au 30. Sasa hesabu. Msichana aliyemeza risasi akiwa na miaka mitatu anapata mimba akiwa na miaka ishirini na mitano. Mimba inahitaji kalsiamu. Mifupa yake inafunguliwa kuitoa, na risasi ya utotoni inatoka pamoja nayo, inavuka kondo la nyuma, inamfikia mtoto wake ambaye hajazaliwa.

Mtaniuliza ni kiasi gani tunachoongelea. Mwaka 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilishusha kiwango cha kumfuatilia mtoto hadi maikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Mtoto wa kilo 10 ana damu inayokaribia desilita 8. Risasi yote iliyo kwenye damu yake, ukiikusanya na kuiweka kwenye mizani, haifikii uzito wa punje moja ya sukari. Punje moja! Na kiwango hicho hakikuanzia hapo. Katika miaka ya 1960 madaktari wa huko waliambiwa wasiwe na wasiwasi hadi ifike 60. Mwaka 1985 ikawa 25, mwaka 1991 ikawa 10, mwaka 2012 ikawa 5. Watoto walikuwa walewale, ubongo uleule. Waliojifunza ni watu wazima, na walijifunza polepole mno. Leo Shirika la Afya Duniani linasema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Tena uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, uliounganisha tafiti kutoka nchi kadhaa, ulionyesha jambo lililowashangaza wengi: akili huporomoka kwa kasi zaidi pale chini kabisa. Kupanda kutoka 2.4 hadi 10 kulihusishwa na kupotea kwa takriban alama 4 za kipimo cha akili, ilhali kupanda kutoka 10 hadi 20 kuliongeza hasara ya alama 2 tu.

Mnaona hili nililoshika? Ni jino la maziwa. Ni la mwanangu, kalitoa mwenyewe kwa uzi na kelele nyingi. Jino hili ni daftari. Kila metali iliyopita kwenye damu yake lilipokuwa likijengwa imeacha maandishi humu. Daktari mmoja wa Marekani, Herbert Needleman, aliwaza hivyohivyo. Yeye na wenzake waliwaomba watoto wa madarasa ya kwanza na ya pili katika miji ya Chelsea na Somerville wawaletee meno yaliyong'oka, wakapima risasi iliyomo. Watoto wale hawakuwa wagonjwa. Hakuna aliyelazwa, hakuna aliyetapika. Kisha wakawauliza walimu, ambao hawakujua jino la nani lina nini: mtoto huyu husikiliza? Hufuata maagizo? Humaliza anachoanza? Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Kadiri risasi ilivyozidi jinoni, ndivyo walimu walivyozidi kumtaja mtoto kuwa hatulii, hana mpangilio, hasikii. Walimu wangu mlioketi hapa, mmeshawahi kuandika maneno hayo kwenye ripoti za watoto. Mimi pia niliandikiwa. Simaanishi kila mtoto mtundu ana sumu. Wengine ni watundu tu, na Mungu awabariki. Namaanisha tulikuwa tunamlaumu mtoto kwa kitu kilichokuwa kwenye kikombe chake.

"Basi si atibiwe?" Swali hilo huulizwa kila mahali ninapokwenda. Zipo dawa zinazoikamata risasi na kuitoa kwa mkojo, na kwa mtoto mwenye kiwango cha juu sana huokoa maisha. Lakini Marekani ilifanyika tafiti kubwa ya watoto 780 wenye kiwango cha kati, kati ya 20 na 44. Nusu walipewa dawa ya kweli, nusu dawa bandia isiyo na kitu ndani yake. Matokeo ya mwaka 2001: damu ya waliopewa dawa ilisafika zaidi, kama ilivyotarajiwa. Akili zao, tabia zao, uwezo wao wa kujifunza, havikuwa bora kuliko vya wenzao. Sumu ilishushwa, ila kazi yake ilikuwa imeshafanyika.

Hapo ndipo lilipo neno langu la leo, na mengine yote ni ushahidi wake. Kama hatuwezi kurudisha kilichopotea, basi kupima damu ya mtoto ni kufika msibani. Kipimo kinatakiwa kianzie kwenye maji, kwenye mchele, kwenye kiungo, kwenye sufuria. Lakini angalieni historia ya sumu hizi, mtaona kwamba karibu kila mara mwili wa mtoto ndio uliotumika kama kifaa cha maabara.

Chukueni Flint, mji wa watu kama laki moja katika jimbo la Michigan. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, waliacha maji waliyokuwa wakinunua kutoka Detroit wakaanza kuvuta ya Mto Flint. Maji ya mto ule yalikuwa makali kwa mabomba, na hayakuwekwa fosfati, ile kemikali inayotandaza utando mwembamba ndani ya bomba ili maji yasiguse metali. Utando wa zamani ukaanza kumomonyoka, na mabomba ya risasi yaliyolala ardhini miaka na miaka yakaanza kujitoa ndani ya maji. Wakazi walilalamika: maji yana rangi, yananuka, yanawasha ngozi. Wakaambiwa ni salama. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors mjini humo kikaomba kiachane na maji hayo kwa sababu yalikuwa yanatia kutu vipuri vya injini, na kikaruhusiwa. Ngoja niseme polepole. Vipuri vya injini viliokolewa Oktoba 2014. Watoto walisubiri hadi Oktoba 2015.

Na waliokolewa vipi? Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alichukua majibu ya damu yaliyokuwa tayari kwenye kompyuta ya hospitali, akalinganisha kabla na baada ya mabadiliko ya maji. Asilimia ya watoto waliofikia 5 au zaidi ilikuwa imepanda kutoka 2.4 hadi 4.9. Alipotangaza hayo Septemba 2015, maofisa walimpinga kwanza, wakakubali baadaye. Mficha maradhi, mwajua kinachomuumbua. Tena kulikuwa na ujanja mdogo wa kitaalamu ambao nataka muukumbuke, nitaurudia mwishoni: watu waliopewa chupa za kuchukulia sampuli waliagizwa kwanza wafungue bomba maji yatiririke kwa dakika kadhaa usiku wa kuamkia siku ya kuchukua sampuli. Risasi iliyokuwa imejikusanya ikaenda na maji hayo. Kwenye karatasi, mji ukaonekana msafi.

Miaka sitini kabla ya hapo, mjini Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki baharini. Viumbe wadogo wa majini waliimeza, samaki wadogo wakawala, wakubwa wakala wadogo, na kila ngazi zebaki ikazidi. Paka wa wavuvi walianza kuyumba na kudondoka baharini. Aprili 1956 akaletwa hospitalini msichana wa miaka mitano aliyeshindwa kutembea na kuzungumza. Siku chache baadaye, mdogo wake. Madaktari wa zama zile waliamini kondo la nyuma ni ukuta, sumu haivuki. Mama wa Minamata walizaa watoto waliopooza huku wao wenyewe wakionekana wazima. Ushahidi ulikuja kupatikana kwenye vitovu vilivyokauka, ambavyo familia za Kijapani huvihifadhi kama kumbukumbu ya uzazi: zebaki ilikuwemo. Kiwanda kiliendelea kumwaga hadi 1968. Kwa zebaki nina neno moja la jikoni, nalo ni jepesi: samaki mdogo kama dagaa ni rafiki wa mjamzito na mtoto, papa, samaki wa upanga na wawindaji wengine wakubwa walioishi miaka mingi, hao mwachieni baba. Msiache samaki kabisa, maana ubongo wa mtoto unawahitaji.

Aseniki ina hadithi tofauti, na hii huniumiza zaidi kwa sababu hakukuwa na mtu mbaya ndani yake. Bangladesh, miaka ya 1970, watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara kutokana na maji ya madimbwi. Serikali na mashirika, UNICEF ikiwemo, yakahimiza visima vya bomba, mamilioni. Maji yakatoka meupe, baridi, matamu. Hayakuwa na vijidudu, na hakuna aliyefikiria kuyapima aseniki, ambayo imo kiasili kwenye udongo uliosombwa kutoka milima ya Himalaya. Ikagunduliwa mwaka 1993. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba hii ndiyo sumu iliyowapata watu wengi zaidi kwa mpigo katika historia, likikadiria walio hatarini kuwa kati ya milioni 35 na 77. Baadaye karibu visima milioni 5 vilipimwa na kupakwa rangi: kijani kunywa, nyekundu usinywe. Milioni 1.4 vilipata nyekundu. Na kisima chekundu mara nyingi kilikuwa hatua chache tu kutoka kwa kijani. Familia ilichohitaji ni kujua tu upande gani wa uzio pa kutekea.

Aseniki hiyohiyo hupanda kwenye mchele. Shamba la mpunga likifurikwa, udongo hukosa hewa, na aseniki iliyokuwa imeshikiliwa na chuma huachiwa. Mmea wa mpunga una njia maalumu za kunyonya silika, madini yaliyo kwenye mchanga, na aseniki hupita humohumo. Kwa hiyo mchele hubeba aseniki nyingi kuliko nafaka nyingine, tena hasa kwenye pumba. Mchele wa kahawia, ambao sisi wataalamu wa lishe tumewahubiria watu miaka yote hii, ndio ulio nayo zaidi. (Nimeshakubali kwamba taaluma yangu imezaliwa ili kujisahihisha.) Tiba ya jikoni ipo: pika mchele kwa maji mengi, vikombe sita hadi kumi kwa kikombe kimoja, kisha mwaga yaliyobaki. Sehemu kubwa ya aseniki, mara nyingi kati ya asilimia 40 na 60, inaondoka nayo, pamoja na baadhi ya vitamini, nisiwafiche. Ila kama maji yenyewe ya kupikia yana aseniki, umejisumbua. Na mtoto anayeanza kula asilishwe uji wa mchele mtupu kila siku. Changanya nafaka, badilisha. Uingereza inashauri watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe kinywaji cha mchele badala ya maziwa.

Hadi hapa nimesema juu ya sumu zilizoingia kwa bahati mbaya au kwa uzembe. Zipo zinazotiwa kwa mkono. Kromati ya risasi ni unga wa rangi ya manjano iliyokolea, uliotengenezwa kupakia vitu kama samani na mashine. Huko Bangladesh baadhi ya wasindikaji waligundua kwamba ukiupaka kwenye bizari ya manjano iliyofifia, inang'aa na kupata soko. Mteja alichagua kwa jicho, na jicho lilimpeleka moja kwa moja kwenye sumu, kwa sababu iliyong'aa zaidi ndiyo iliyokuwa nayo. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi. Watafiti wakaonyesha ushahidi, serikali ikaingia sokoni na vifaa vya kupimia hapohapo, wauzaji wakatozwa faini mbele ya kamera, matangazo yakatolewa. Mwaka 2021 sampuli zenye risasi zilikuwa sifuri. Nawaambia hili kwa makusudi: miaka miwili! Hapakuhitajika dawa mpya wala fedha za kutisha. Palihitajika mtu wa kupima na mtu wa kuogopwa.

Linganisheni na Marekani, nchi yenye maabara kila kona. Mwaka 2023 familia ya North Carolina iliambiwa damu ya watoto wake ina risasi nyingi. Wakaguzi wakatafuta nyumbani: rangi za ukutani, vumbi, mabomba. Hakuna. Ikaja kugundulika kwamba watoto walipenda vifuko vya tufaha lililopondwa lenye mdalasini. Mdalasini huo, uliosagwa huko Ecuador, ulipopimwa ulikutwa na risasi sehemu 5,110 kwa milioni, zaidi ya mara 2,000 ya kiwango cha 2.5 kilichokuwa kikipendekezwa kimataifa. Chakula kilikuwa kimeshavuka mipaka, kimekaa madukani, na kimeliwa na mamia ya watoto, wala hakuna aliyekipima. Kipimo cha kwanza kilikuwa kidole cha mtoto kilichochomwa sindano.

Mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa viwango vya risasi kwa vyakula vya watoto vilivyosindikwa: sehemu 10 kwa bilioni kwa vyakula vingi, 20 kwa nafaka kavu na mboga za mizizi. Ni mwongozo, si sheria ya kufunga mtu. Mimi naona bora ilivyofanya California, inayowalazimisha watengenezaji wapime kila mwezi na, tangu Januari 2025, waweke majibu wazi ili mzazi ayasome. Namba ikiwa hadharani hufanya kazi hata pasipokuwa na polisi.

Kadimiamu nitaipitia mbio. Huja na mbolea za fosfati, hupanda kwenye mboga za majani, mizizi na nafaka, hukaa kwenye figo miaka 10 hadi 30. Madhara yake makubwa huonekana uzeeni, ila akiba huanza kuwekwa utotoni.

Sasa jikoni kwenu. Kwanza, kuchemsha. Naomba wote mnisikilize hapa, hata wale walioanza kusinzia. Kuchemsha maji huua vijidudu. Risasi na aseniki havifi, kwa sababu havikuwa hai. Maji yanapungua kwa mvuke, metali inabaki palepale, kwa hiyo unaikoleza. Klorini pia haifanyi kitu. Chujio la kitambaa halifanyi kitu. Yapo machujio yanayoondoa risasi, na mfumo wa kusukuma maji kupita kwenye utando huondoa hata aseniki, lakini soma kilichoandikwa na ununue kilichothibitishwa kwa metali hiyo kwa jina lake. Maji ya kumkorogea mtoto maziwa yachukueni kwenye bomba la baridi. Ya moto huyeyusha risasi zaidi. Asubuhi, kabla ya kukinga, acheni yatiririke kwanza, mkayatumie yale ya mwanzo kudekia. Msidanganywe na neno "haina risasi" kwenye koki: Marekani, hadi mwanzoni mwa 2014, koki iliyokuwa na risasi asilimia 8 iliruhusiwa kisheria kuitwa hivyo. Sheria zina ucheshi wake.

Sufuria zilizosubuliwa kutokana na vyuma chakavu, yaani vipande vya injini, rejeta na makopo vilivyoyeyushwa pamoja, zimepimwa mara nyingi na kukutwa zikitoa risasi, hasa ukipikia kitu kichachu. Vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa navyo vinaweza. Kama huna hakika ya chombo, kisiwe cha mtoto. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Maziwa ya mama hupitisha aseniki kidogo sana hata mama anapokunywa maji mabaya. Mpe mtoto vyenye chuma, kalsiamu na vitamini C, na asishinde na njaa. Wala usijifariji kwamba kwa kuwa umeponda mwenyewe chakula nyumbani, au kwa kuwa kimelimwa bila kemikali, basi hakina metali. Udongo hausomi lebo.

Nimetaja ya jikoni, lakini sitaki mtoke hapa mkiwa mmebebeshwa kazi isiyo yenu. Mama hawezi kuona punje moja ya sukari ndani ya damu. Wajibu wa kujua kilichomo kwenye bomba ni wa anayeuza maji, na wajibu wa kujua kilichomo kwenye kifuko ni wa anayekijaza. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita, kwa risasi na kwa aseniki pia. Mkiwa na namba mkononi, mtaulizana nao kwa heshima na watajibu. Mkienda na hofu tupu, watawapa kikombe cha chai.

Kwa hiyo, chupa. Ziko mezani pale mlangoni, za lita moja, kila nyumba moja, na shule itachukua sita kwa ajili ya mabomba yake. Usiku wa leo, mtu wa mwisho akishalala, bomba la jikoni lisiguswe. Msivute maji ya choo, msifue, mpaka zipite angalau saa sita. Asubuhi, kabla ya mswaki, kabla ya chai, weka chupa chini ya bomba la baridi, fungua kama unavyofungua siku zote, ujaze maji ya kwanza kabisa. Narudia: ya kwanza. Asije mtu akawashauri mwachie yatiririke kidogo. Mnajua sasa ushauri huo ulitumika wapi. Usisuuze chupa, usifungue kichujio kidogo cha mdomoni mwa bomba. Andika kwenye karatasi saa uliyokinga na saa bomba lilipotumika mara ya mwisho, ifunge na mpira. Wenye visima wachukue chupa yenye kifuniko chekundu, ile itapimwa aseniki. Nitakuwa hapa kesho kuanzia saa moja asubuhi kuzipokea. Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja sufuria, naomba apewe kipaza sauti.